Naomba ushauri: lap stili inalia kama bati kwenye ampu ndogo

Habari zenu wakuu. Napiga lap stili, lile gitaa la kupakata mapajani na kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Langu lina nyuzi 6, nimelitune C6 (jina la mpangilio wa noti za nyuzi): C, E, G, A, C, E kuanzia uzi mnene. Nimepanga chumba, ukuta mmoja na jirani, hivyo natumia ampu (kikuza sauti) ya betri ya wati 3 yenye spika ya inchi 4.

Nyuzi nyembamba zinachoma masikio, ule mnene unakoroma tu. Nikiteleza polepole kwenda freti ya 12 (mstari wa 12 shingoni mwa gitaa), sauti inakatika kabla sijafika, na utamu wote wa chombo hiki uko hapohapo!

Gein (kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia kwenye ampu) nimeishusha karibu na sifuri, toni ya gitaa nimeipunguza nusu. Betri mpya hazikubadili kitu. Kuipandisha ampu kwenye stuli ya mbao kumesaidia kidogo.

Je, nishushe pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) iwe mbali na nyuzi, na kwa kiasi gani? Na kati ya pedali ya voliumu (ya kuongeza na kupunguza sauti kwa mguu) na kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo), nianze na ipi? Hela inatosha kimoja tu.