Pikapu kunyanyuliwa au kushushwa, hivi watu wanatafuta nini hasa?

MzigoMwepesi

Wakuu habari zenu. Nina swali ambalo wengine mtaona la kitoto ila nivumilieni. Nimenunua pikapu mtumba, dabo kebini, dizeli, fowili, na jamaa aliyeniuzia alikuwa kashainyanyua na kuivalisha matairi makubwa. Nilipomuuliza kwa nini alicheka tu akasema gari ya kiume lazima isimame. Haya, imesimama. Mke wangu anapanda kwa kukumbatia nguzo ya mlango kama anakwea mnazi, mama mzazi ndo kabisa tunamweka stuli, na nikifika spidi ya 70 hivi kuna mtetemo unakuja chini ya sakafu, nikikanyaga mafuta unazidi nikiachia unapungua. Usiku ndo balaa, kila anayekuja mbele ananipigia fulu wakati mimi nimeshusha taa zamani.

Sa juzi nikapishana na pikapu aina hiyo hiyo, rangi mpaka rangi ile ile, yake imeshushwa inakaribia kulamba lami. Nikabaki najiuliza kiwandani wameitoa na urefu mmoja, huyu kaipeleka juu yule kaipeleka chini na wote wamelipia. Kwani kiwanda kilikosea nini? Anayenyanyua anapata nini, anayeshusha anapata nini, na mimi niirudishe au niizoee?

FundiKabari

Mkuu swali lako si la kitoto, kuna watu wana miaka kumi wanaendesha gari zilizonyanyuliwa na hawajawahi kujiuliza.

Kiwanda hakikukosea, kilitafuta katikati. Pikapu ikiwa tupu utaona nyuma iko juu kidogo kuliko mbele, hiyo ni makusudi, ukipakia mzigo nyuma inashuka gari inakaa sawa. Sasa mtu asiyebeba kitu anaona pua imeinama haipendi, anainyanyua mbele sentimita tano hivi iwe tambarare, inapendeza kweli, siku akipakia simenti pua inatazama mbinguni. Huyo kanyanyua kwa ajili ya macho, na ndo wengi, tusidanganyane.

Wanaonyanyua kwa kazi wanataka vitu viwili. Cha kwanza ni mzigo wa kudumu, mfano mtu kafunga bampa la chuma mbele na winchi, nyuma kaweka boksi la vyuma na tenki la maji, gari imelala siku zote, anaongeza pleti kwenye springi inarudi kwenye urefu wake. Hapo watu wanajidanganya kitu kimoja, wanadhani ukiongeza pleti gari sasa inabeba zaidi. Haibebi zaidi. Springi imekuwa ngumu, ila ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, chesisi ni ile ile. Nimeshaona pikapu imepinda mgongo pale kebini inapoachana na bodi, springi zote nzima zinacheka.

Cha pili ni njia mbaya, na hapa ndo penye kutoelewana kukubwa. Inama uangalie chini ya gari yako nyuma, kitu kilicho chini kuliko vyote ni lile tumbo la difu, boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya nyuma. Difu imefungwa kwenye ekseli, ekseli imeshikwa na matairi. Unyanyue springi sentimita kumi, difu haisogei hata unywele! Kilichopanda ni chesisi, tenki, vizingiti vya milango na bampa. Hiyo ina faida yake, gari haigusi tumbo ikivuka tuta na bampa halichimbi ikipanda kingo, ila lile jiwe la katikati ya njia bado litagonga difu kama zamani. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake, na tairi la inchi 33 badala ya 31 linakupa nusu ya tofauti tu, inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Kwa hiyo kwa anayeelewa, springi inanyanyuliwa ili tairi kubwa lipate pa kukaa lisisage fenda, tairi ndo lililotakiwa tangu mwanzo.

Na tairi kubwa nalo lina madai yake. Mshale ukisema 100 wewe uko 106 hivi kwa mfano huo wa 31 kwenda 33, gari inakuwa nzito kuondoka kama umepewa gia ndefu, breki zinashika tairi zito zaidi, mafuta yanaongezeka. Wengine wanaishia kubadilisha meno ya difu ili gari irudishe nguvu. Unaona inavyokwenda, kitu kimoja kinaita kingine.

Mtetemo wako nikusikilize vizuri. Unasema ukikanyaga unazidi ukiachia unapungua. Tairi lisilo na balansi halijali umekanyaga au umeachia, linatetemeka kwa spidi yake tu. Huo wako nashuku pembe ya propela, ule mhimili mrefu unaozunguka kupeleka nguvu kutoka gia boksi kwenda difu. Ukinyanyua nyuma, propela inashuka kwa mwinuko mkali kuliko ilivyopangwa na krosi zake, yaani viungo vya mwisho wa propela, zinazunguka kwa kurukaruka. Dawa yake huwa ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, inazungusha pua ya difu itazame propela vizuri. Ingia chini utuambie alinyanyua kwa kutumia nini.

ChiniKwaChini

Mimi ni wa upande wa pili na naona tunasemwa vibaya kila siku humu, eti tunaharibu gari. Ngoja niseme.

Pikapu yangu ni ya kebini moja, inavuta kwa gurudumu mbili tu za nyuma, haijawahi kuona tope na haitaona. Nabeba mashine za kufua na mafriji, nanyanyua kwa mikono na kijana mmoja. Nilipoishusha nyuma sentimita kumi na mbili migongo yetu ndo ilisema asante, maana kila friji ilikuwa inapanda kifuani sasa inaishia kiunoni. Kona inakata kama gari ndogo, haibebwi na upepo wa lori likikupita. Hayo nimeyapata bila kuhesabu kwamba inapendeza, na inapendeza kweli.

Halafu hii kitu si ya jana. California walikuwa wanashusha pikapu ndogo za Kijapani tangu miaka ya sabini, na kabla ya hapo walianza na magari ya kawaida mpaka serikali yao ikaweka sheria kuanzia 1958 kwamba sehemu yoyote ya gari isishuke chini ya ukingo wa rimu. Jamaa mmoja Ron Aguirre mwaka 1959 akafunga haidroliki kwenye Corvette yake, akiwaona polisi anabonyeza gari inapanda inakuwa halali, wakipita anaishusha. Ujanja wa namna hiyo siwezi kuuita uharibifu. Na viwanda vyenyewe vilifuata, GMC mwaka 1991 walitoa Syclone, pikapu ya chini yenye tabo iliyokuwa inaziacha gari za michezo kwenye taa. Kubeba ilikuwa inabeba ratili 500 tu, kama kilo 225, lakini nani alikuwa anaibebesha.

FundiKabari

@ChiniKwaChini sijakusema vibaya kaka, mi mwenyewe nimeshusha nyingi. Swali langu ulishusha vipi? Maana kuna wanaokata springi za koili kwa grainda, kuna wanaozipasha moto zilale, hao ndo nagombana nao. Chuma cha springi ukishakipasha moto ugumu wake umekufa.

ChiniKwaChini

Hapana bana sina wazimu. Nyuma springi ilikuwa imekaa juu ya ekseli, tumeihamishia chini ya ekseli, yubolti (zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) zikageuzwa, gari ikashuka yenyewe kwa unene wa vyote viwili. Sasa ekseli ikawa karibu mno na chesisi, shimo dogo tu inagonga ngaa, ndo tukakata chesisi pale juu yake umbo la mwezi mchanga na kuwekea bamba nene la kuimarisha. Hapo nakubali, hiyo kazi ukimpa mtu asiyejua kuchomea umejichimbia kaburi. Na nakubali kingine, mafriji mawili mwisho, la tatu nikipakia inakaa kwenye mpira wa kuzuia ekseli isigonge chesisi na safari nzima ni mifupa.

Bibi_Dashibodi

Mnaongea springi na difu, mimi naongea barabarani. Naendesha kigari kidogo, usiku taa za hizo pikapu ndefu zinaingia zote kwenye kioo changu cha nyuma naona weupe tu. Mnanyanyua gari kwa siku moja, taa mnaziacha zilivyokuwa! Skurubu ya kushushia taa ipo nyuma ya taa yenyewe, dakika kumi na bisibisi, lakini hakuna anayehangaika.

Na mtoto akisimama mbele ya boneti ya gari hizo dereva hamuoni, hata mtu mzima mfupi kama mimi. Halafu wabaya kuliko wote ni wale wanaonyanyua mbele wakashusha nyuma, gari imechuchumaa kama chura, dereva anaona anga. North Carolina kule Marekani walipiga marufuku hiyo kuanzia Desemba 2021, fenda ya mbele ikizidi ya nyuma kwa inchi nne, kama sentimita kumi, umevunja sheria. Walisema wanaiga gari za mashindano ya jangwani. Jangwa lenyewe liko wapi mtaani?

ChiniKwaChini

Dada hapo kwa chura tuko pamoja, hata sisi wa chini hatuwatambui hao 😂

MzigoMwepesi

Wakuu nimerudi, leo nimelala chini ya gari nusu saa na tochi mdomoni. FundiKabari nisaidie maana nilichoona sijui kama ni kawaida.

Nyuma springi ziko za kiwandani hazijaongezwa pleti. Kati ya springi na ekseli kuna bloku ya chuma, na juu ya hiyo bloku kuna bloku nyingine, zimepangwa kama matofali, zimebanwa na yubolti ndefuu. Upande wa kulia bloku ya juu imesogea kidogo, naona mstari wa chuma king'aavu ambapo inasuguana. Kabari hakuna. Halafu nikapiga jeki kwenye chesisi, tairi likaning'inia, ule mpira wa breki unaotoka kwenye chesisi kwenda ekseli ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, nikiugusa unalia tung. Ukiuangalia kwa karibu una vipasuko vidogo vidogo kama kisigino kikavu. Kuna na kafimbo kembamba kameunganisha ekseli na kidude cha breki huko juu, kamevutwa mpaka mwisho.

Mbele ni zile nondo za tosheni, zinazojisokota kufanya kazi ya springi, naona bolti zake zimekazwa karibu ziishe nyuzi.

FundiKabari

Mkuu paki hiyo gari. Siongezi chumvi.

Bloku mbili kubebana ni kosa ambalo hata fundi mwanafunzi anachapwa kwa ajili yake. Ukikanyaga mafuta ekseli inataka kujizungusha, springi inajikunja kama herufi S, na bloku ikiwa ndefu inampa huyo anayejizungusha mkono mrefu wa kuvutia. Zikiwa mbili zinateleza moja juu ya nyingine, na huo mstari uliouona unaong'aa ndo zimeanza. Mtetemo wako nao unatoka huko huko, pembe ya propela na kujikunja kwa springi kwa pamoja, ndo maana unausikia ukikanyaga.

Kafimbo nako kana kazi yake. Kanapima nyuma imelala kiasi gani, gari ikiwa na mzigo kanaruhusu breki za nyuma zishike zaidi, ikiwa tupu kanazipunguza matairi yasijifunge. Ukinyanyua gari bila kukasogeza, kenyewe kanajua gari iko tupu siku zote. Umepakia tani moja, breki za nyuma ziko likizo. Na huo mpira usiusubiri, siku tairi likiingia shimo ukakatika ndo utajua.

Nondo za mbele watu wanasema zikikazwa gari inakuwa ngumu kwa sababu nondo imekuwa ngumu. Si hivyo. Nondo ni ile ile, ila mkono wa chini unaoshika tairi umeshushwa karibu na mwisho wake, haina tena nafasi ya kuteremka tairi likiingia shimo, inagonga kizuizi cha juu na wewe unasikia kak. Na sivi jointi, vile viungo vinavyopeleka nguvu kwenye matairi ya mbele, zinafanya kazi kwa pembe kali muda wote, kagua buti zake, ile mifuko ya mpira, kama hazijachanika.

Ushauri wangu, toa bloku zote. Ukitaka urefu kidogo kwa ajili ya tairi tafuta springi zilizotengenezwa na huo mkunjo, na shokapu za urefu wake.

Bibi_Dashibodi

Na taa.

FundiKabari

Na taa, dada 🙏

MzigoMwepesi

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa. Bloku zimetoka zote nne, ile ya kulia ilikuwa na pini ya katikati imekatika nusu, fundi kanionyesha nikakaa chini kwanza. Mipira ya breki mipya, kafimbo kamerudi mahali pake, nondo za mbele zimelegezwa, wili alaimenti imefanywa. Yale matairi makubwa yalianza kusaga fenda nikikata kona kwa hiyo nimerudi saizi ya kiwandani, makubwa nayauza kama kuna anayeyataka yapo asilimia 70. Mtetemo hamna kabisa, nimeenda mpaka 110 na glasi ya maji ingekaa.

Taa nimezipima ukutani usiku, nimezishusha.

Mama kapanda mwenyewe jana bila stuli. Akafunga mlango akaniuliza, hii ni gari nyingine?

ChiniKwaChini

Safi sana. Sasa ukitaka ishuke sentimita nane nyingine nipo 😂