Mrejesho: picha za heller 20 ya Tabora
Wakuu, niliuliza jinsi ya kupiga picha ya heller 20 ya mwaka 1916, sarafu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ile ya shaba ya njano iliyogongwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hadi herufi T chini ya mwaka isomeke. Imekubali! Flashi nimezima, taa ya mezani nimeiinamisha pembeni, mwanga ukapita mshazari na maandishi yakajitokeza. Simu nimeilaza juu ya glasi mbili na kuweka taima, maana mkono hautulii. Lenzi ya sonara mbele ya kamera ndiyo mchawi: hata ncha za herufi L kwenye neno Heller zinaonekana, na huko ndiko aina za sarafu hii zinakotofautiana. Aliyeshauri niisugue sarafu kwa limau, hapana mkuu, inaua thamani. Pembeni mwa picha bado kuna ukungu kidogo.