Tochi ya mzee ya betri tatu, nimeweka globu ya LED haiwaki kabisa

Mjukuu_Mvumi
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana tochi ya bati ya zile za zamani, ndefu, inakula betri kubwa tatu. Yuko Mvumi, na hiyo tochi ndo anatoka nayo usiku kuangalia zizi, mbuzi wakishtuka tu kashaamka maana fisi kule hawana adabu. Shida mwanga umekuwa wa njano kama kibatari afu betri mpya hazimalizi wiki. Nimemwambia nimnunulie ya kuchaji kagoma, anasema hizo plastiki ukimpiga nayo fisi inapasuka tochi, fisi anabaki anakucheka.

Juzi nimepita Majengo sokoni nikapata globu ya LED yenye kitako kilekile cha globu ya kawaida, imeandikwa 4.5V, buku tatu. Nimechomeka, giza. Nikarudisha ya zamani, inawaka. Nikaweka tena LED, giza. Nimepigwa au kuna kitu sikijui?

Kibaigwa_Boy
Buku tatu globu tu, ungeongezea kidogo ungepata tochi nzima ya kuchaji na redio ndani. Mzee mpe siku mbili atazoea.

Mjukuu_Mvumi
Humjui mzee wangu wewe 😂

Fundi_Changombe
Kabla hujarudi kugombana na muuzaji, hebu niambie betri zimeingiaje humo. Kile kichwa chenye chuchu kinaangalia globu au kinaangalia mfuniko wa nyuma kwenye springi?

Mjukuu_Mvumi
Kinaangalia nyuma. Mzee ndo anavyoweka miaka yote, mi nimefuata vilevile.

Fundi_Changombe
Basi globu yako nzima. Ile ya zamani ndani ni uzi tu, umeme upite kutoka mbele au kutoka nyuma yenyewe inawaka, ndo maana mzee hajawahi kuona shida. LED inapitisha upande mmoja. Kwenye hizi globu karibu zote kile kidoti cha chini ndo chanya, kwa hiyo betri zote tatu zigeuze vichwa viangalie mbele.

Mjukuu_Mvumi
Daah imewaka!! Yaani nimejimulika machoni nikakaa kama dakika nzima naona madoa tu. Asante sana mkuu.

Ila swali lingine, nimeipiga ukutani katikati kuna kivuli cha duara kama tundu la chapati iliyotoboka, afu mwanga umesambaa pembeni. Ile ya zamani ilikuwa inakusanya mwanga sehemu moja unaona mpaka mwisho wa shamba. Hii karibu ni kali lakini mbali haifiki.

Fundi_Changombe
Hapo umegusa penyewe, wengi wanaona imewaka wanaridhika. Kile kikombe kinachong'aa kilitengenezwa kwa ajili ya uzi mdogo unaokaa katikati yake na unatoa mwanga pande zote, mwanga unagonga kuta za kikombe unarudi mbele umenyooka. LED inamwaga mbele tu, mwingi unatoka bila kugusa kikombe, afu na kile kipande chenyewe hakijakaa kimo kilekile ulipokuwa uzi. Tofauti ya milimita moja mbili tu inaharibu.

Kama kichwa cha tochi kinazunguka, kizungushe taratibu huku unamulika ukuta wa mbali kidogo, sio wa karibu, mpaka tundu lizibe. Kama hakizunguki, tumia waya wa shaba wa umeme, umenye, upinde kipete kidogo kikae chini ya ule ukingo wa globu uinyanyue kidogo, ujaribu. Usije ukaweka karatasi ngumu kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, ule ukingo kwenye tochi nyingi ndo unapitisha umeme, ukiweka karatasi umekata. Nilikaa nusu saa natafuta ubovu nilioweka mwenyewe.

Mama_Nkuhungu
Mimi yangu ya betri mbili, niliweka globu kama hiyo ikawaka vizuri siku tatu, baada ya hapo ikawa kama kimulimuli na betri kwenye redio bado zinapiga. Hiyo nayo ni kugeuza?

Fundi_Changombe
Hapana dada, hiyo nyingine. LED nyeupe inataka kama volti 3 ndo iwake vizuri. Betri mbili zikiwa mpya ndo hizo 3 kamili, zikichoka kidogo zinashuka 2.5 na LED inasinzia hata kama betri hazijaisha. Kwa betri mbili tafuta globu yenye sakiti ndogo ndani inayopandisha volti, mara nyingi zimeandikwa kuanzia volti 1 au 2 mpaka nyingine huko juu. Iliyoandikwa 4.5V usiweke kwenye betri mbili.

Kwa betri tatu mambo ni kinyume, ukiunga LED tupu isiyo ndani ya globu kama hiyo, volti zinazidi. Mimi mwaka wa kwanza kujifunza nilichukua LED ya wati 1 nikaiunga moja kwa moja kwenye betri tatu mpya, ikapiga mwanga kama flashi ya picha, ikageuka rangi ya buluu, kimya. Nikaweka ya pili nikidhani ya kwanza ilikuwa mbovu 😅. Anayeunga mwenyewe aweke rizista, kile kidude cha kubana umeme: 4.5 toa 3.2 za LED inabaki 1.3, gawa kwa 0.3 ampea unapata kama omu 4.3, chukua ya 4.7. Iwe ya wati 1, ndogo zile za redio zinapata moto.

Kibaigwa_Boy
Haya nimekubali. Sasa bibi yangu betri zikiisha anazianika juani zinarudi, kwa LED itamsaidia?

Fundi_Changombe
Zitarudi kidogo, joto linaziamsha, na LED inakula kidogo kuliko uzi ambao unakunywa kama nusu ampea, kwa hiyo atasogeza siku. Lakini betri hizi za kawaida ganda lenyewe ni zinki na ndo linaloliwa zikitumika, likitoboka zinamwaga maji ndani ya tochi. Nimeshapokea tochi kibao betri zimegandia humo unazitoa kwa kugonga na nyundo. Zikilegea bibi azitoe.

Mjukuu_Mvumi
Mrejesho wakuu. Jumamosi nimempelekea Mvumi, kipete cha shaba kimefanya kazi, mwanga unafika mpaka kwenye mbuyu ambao ya zamani ilikuwa haifiki. Mzee kamulika zizi kimyaa, kamulika tena, afu kasema "mwanga mzuri ila mbuzi wangu mwekundu umempeleka wapi, naona wote majivu."

Fundi_Changombe
Hahaha mzee ana macho. Hiyo uliyonunua ni nyeupe ya ubuluu, zile za 6500K (hiyo namba ya K ndo inasema rangi ya mwanga), za bei rahisi huwa zinaonesha vibaya rangi nyekundu. Ukipata iliyoandikwa 3000K au 4000K mbuzi wake atarudi. Mwanga utapungua kidogo.

Mjukuu_Mvumi
Naitafuta mkuu. Kwa sasa globu ya zamani kaifunga kwenye kinailoni kaiweka mfuko wa koti, anasema siku ya kuhesabu mbuzi atairudisha. Ila betri kakubali kugeuza.