Tupeane uzoefu: baada ya mafuriko bora kiwanja, unga au hela mkononi?

Wakuu poleni na mvua. Naanza mimi. Maji ya Desemba 2011 yalitukuta Jangwani, bondeni hapa Dar, tukahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, kwanza kwenye mahema halafu ukapewa kiwanja chako. Hewa safi, hakuna mafuriko, sawa. Ila mimi napiga pasi mitumba pale Karume, alfajiri nagombania daladala, usiku nagombania tena, nauli inakula karibu nusu ya nilichopata. Nikavumilia miezi minne nikarudi bondeni kupanga chumba. Watu wanatuita wabishi, jamani hesabu ilikuwa inakataa! Nyie je?

Mama Ntilie Kigogo: Kwetu uliletwa unga, maharage na magodoro, tunashukuru sana. Sasa mtaa mzima una unga wa bure nani aje kununua ugali wangu? Hata Mangi wa pale kona unga wake ulikaa mpaka ukaingia wadudu. Mimi nilichotaka ni jiko na masufuria, yangu yalienda na maji. Ikabidi niuze godoro moja kwa bei ya kutupa ndio nipate sufuria mbili, nikarudi barazani.

Fundi Tope: Mtanitukana lakini wiki ile nilipiga hela. Kutoa tope chumbani nilitaja bei mara mbili na watu wakalipa huku wananuna, vijana kusikia hivyo wakaja na machepe yao kutoka mpaka Mbagala, siku chache tu bei ikaporomoka yenyewe. Ila kuna bibi mmoja mpangaji hakuwa na hata mia, kwake hakuja mtu, mwisho nikaenda kumtolea bure Jumapili. Bei ilileta machepe, kwa bibi haikuyafikisha.

Mpwa wa Msimbazi: Mkuu hapo juu, na sisi tuliosubiri fidia ya kupisha mradi? Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za mradi wa Bonde la Msimbazi mwaka 2022, mtaani habari zilishazagaa, basi mwenye mpango wa kuhama akaghairi, atoke aache hela? Jirani yetu alipandisha banda la mabati ndani ya wiki moja ili na yeye ahesabiwe, halina hata mlango 😂 Mjomba yeye alipata chake akanunua Chanika, nyumba anayo, wateja wake wa kunyoa wamebaki huku. Kila asubuhi anakuja na mashine kwenye mfuko wa rambo.

Mama Ntilie Kigogo: Mwambie apitie kwangu, chai ipo.