Kikundi cha Ukoo: Neema abaki PCB au ahame?

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Dirisha la Selform, ule mfumo wa mtandaoni wa kuchagua masomo ya kidato cha tano, limefunguliwa, anayetaka kubadilisha tahasusi (yale masomo matatu) abadilishe sasa. Neema alijaza PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo mliyaona, Divisheni I ya pointi 16, ila Fizikia D. Baba yake anasema abaki hapohapo, mimi roho haijatulia. Naombeni ushauri wenu.

Mjomba Idi: Abaki PCB. Ukoo huu bado haujatoa daktari.

Shangazi Rehema: Marahaba wifi. Kaka Idi, kwanza tupige hesabu. Kidato cha tano kinataka C tatu au zaidi, dini haihesabiwi. Halafu pointi za masomo matatu ya tahasusi zisizidi 10. A ni 1, B 2, C 3, D 4. Neema ana Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D. Jumla 9. Sifa anayo, lakini PCB inagombaniwa na kuna watoto wana 3 na 4.

Dada Saumu: CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) anapata 7, Jiografia ana B. Mimi nilisoma CBG, nikaenda SUA, chuo kikuu cha kilimo, leo nakula kwa kilimo na nakipenda. Ila Neema ajue mapema, maana kuna wenzangu waligundua wakiwa kidato cha sita: bila Fizikia MD, digrii ya udaktari, huingii, hata uwe na A zote tatu.

Mjomba Idi: Si ndiyo hayo nayasema?

Baba Mdogo Juma: Kaka, na chuo cha afya je? Stashahada ya utabibu ni miaka 3, wanataka ufaulu wa masomo manne yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D inatosha, na Neema anazo zote. Anatoka na kazi mkononi, akiwa na GPA (wastani wa matokeo) nzuri anaomba MD baadaye.

Mjomba Idi: Njia ndefu hiyo Juma.

Baba Mdogo Juma: Kidato cha tano na sita 2, MD 5, intanshipu 1. Hiyo fupi iko wapi?

Baba Neema: Jamani, hela isiwe sababu ya kumkimbiza. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022. Godoro, nauli na michango ni juu yangu.

Shangazi Rehema: Asante kaka. Kuna na tahasusi mpya, tangu 2024 zimefika 65 kutoka 16, kwa hiyo tusidhani dunia ina PCB na CBG tu. Lakini tunamjadili mtoto na mwenyewe yumo humu. Neema mwanangu, sema.

Neema: Shikamooni wote. Shangazi, mwalimu wa Fizikia tulimpata kidato cha nne. Kidato cha tatu chote tulinakili notsi za shule ya jirani. Voltimita nimeishika mara ya kwanza kwenye moku (mtihani wa majaribio), nikaiunga kama amita, mshale wa amita haukusogea kabisa. Kemia na Baiolojia tulikuwa na walimu mwanzo mpaka mwisho. Nataka PCB. Sitaki kwenda CBG kwa sababu ya kuogopa.

Bibi: Mjukuu wangu. Mungu akufungulie.

Shangazi Rehema: Amina mama. Neema, nimekuelewa, na hiyo D sasa naisoma vingine. Nikwambie ninachokiona darasani. Fizikia ya kidato cha tano ni hesabu tupu, na PCB utasoma BAM pia, zile Hesabu za ziada. D yako ya Hesabu inanitia wasiwasi kuliko hiyo ya Fizikia.

Mama Neema: Sasa wifi, akianguka Fizikia si amepoteza miaka miwili?

Shangazi Rehema: Hapana, na hili ndilo linalonifanya nikubaliane naye. Digrii nyingi zinaanzia principal mbili, yaani ufaulu wa A mpaka E kwenye masomo mawili ya kidato cha sita. Fizikia ikimpa S, ile iliyo chini ya E, MD imefungwa, lakini Kemia na Baiolojia zikiwa nzuri zinambeba kwenye digrii nyingine za sayansi, hata hizo za kina Saumu. Akienda CBG, MD imefungwa leo, kabla hajajaribu.

Dada Saumu: Kweli kabisa. Darasani kwetu chuoni waliotoka PCB walikuwa wengi tu.

Mjomba Idi: Mimi sina la kuongeza. Ila Neema, ukichoka sema mapema. Usikazane na udaktari kwa ajili yangu.

Neema: Sawa mjomba. Ni mimi mwenyewe ninayetaka.

Baba Neema: Basi PCB ya kwanza, CBG ya pili. Na shule iwe yenye mwalimu wa Fizikia, hilo nitapiga simu kuuliza kabla hatujabonyeza chochote.

Baba Mdogo Juma: Na fomu ya chuo tuiweke karibu, nafasi isipotoka tusianze kuhangaika.

Dada Saumu: Neema, namba ya mtihani na nywila usitume humu. Nitakupigia jioni tuingie pamoja, tukimaliza upige picha ukurasa wa mwisho.

Shangazi Rehema: Jumamosi uje kwangu na kitabu cha Hesabu cha kidato cha pili. Tunaanza na logi, halafu trigonometria. Voltimita nitaazima shuleni.