Naomba ushauri: mwenzangu wa bachata hanifuati tena

Mtoto wa Mwanga: Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma mjini. Mimi na dada mmoja tunacheza bachata, na mwezi ujao tumeombwa kufungua ukumbi kwenye harusi ya rafiki yetu. Hatua tunazijua: tatu pembeni, ya nne unagusa chini na kiuno kinapanda, kisha mnarudi upande wa pili. Shida yetu ni maelewano. Nikimpa ishara ya kuzunguka anachelewa. Nikimsogeza karibu anakakamaa kuanzia mabega mpaka vidole. Zamani nilikuwa sijamaliza kuinua mkono, yeye keshaanza kugeuka. Nifanye nini turudi kama mwanzo? Siku zinakimbia na usingizi siupati.

Reli ya Kati: Bachata ndiyo mdudu gani tena? Ng'ambo ya ziwa hapo mna Wakongo na rumba yao, nyie mnafuata ya mbali. Mzee wangu alikuwa mtu wa reli hapa Tabora. Anasema treni ikichelewa kuunganishwa, ya Mwanza huku na ya Kigoma kule, ikiwashwa redio abiria walikuwa wanacheza palepale stesheni na watu wasiowajua. Hakuna aliyehesabu moja mbili tatu.

Fundi Gitaa: Mkuu Reli, usiidharau. Bachata ni ya Jamhuri ya Dominika. José Manuel Calderón alianza kuirekodi mwaka 1962, na kwa miaka mingi wenye nazo kwao waliiita muziki wa vilabu vya pombe. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2019, rumba ya Kongo ikafuata 2021. Mleta mada, acheni hesabu, sikilizeni. Kuna gitaa linaloongoza, besi, bongo (vile vingoma viwili vidogo), na guira, kile chombo cha bati kinachokwanguliwa. Bongo zikichangamka na gitaa likianza kutamba, hapo ndipo mnapobadilisha miguu. Wawili wakisikia kitu kimoja, miili inakutana yenyewe. Mimi nilijifunza gitaa kwa kusikiliza bendi za Kikongo, sikuwahi kuona noti.

Bi Mkubwa wa Ujiji: Huyo dada ni nani wako? Ana mume? Ngoma za kukumbatiana zina mwisho wake.

Mtoto wa Mwanga: Shikamoo mama. Ana mchumba wake, na anakuja kutuangalia mazoezini. Tunaheshimiana.

Bi Mkubwa wa Ujiji: Marahaba. Haya, nimenyamaza kwanza.

Gusa Nne: Kaka, mimi nacheza upande wa kufuata. Niambie unamshikaje. Vidole vyako viwe ndoano tu, vyake viegemee juu, na dole gumba lisimbane, maana ukimbana atakaza mkono wote. Viwiko vishuke. Kati yenu kuwe na mvutano mdogo, kila mmoja auhisi uzito wa mwenzake bila kuning'inia. Kuongoza kuanzie kifuani na kwenye uzito wa mwili, mkono ufuate tu. Na ukitaka azunguke kwenye moja, mkono uanze kupanda kwenye nane, hesabu ya mwisho kabla ya kurudi moja. Ukiuinua kwenye moja umeshachelewa wewe, halafu unamlaumu yeye.

Jaribuni hivi: zimeni muziki, wekeni viganja kwa viganja, yeye afumbe macho, mtembee taratibu tu mpaka ajue unakwenda wapi. Lakini mtu aliyekuwa anafuata vizuri hakakamai ghafla bila sababu. Kilitokea nini?

Mtoto wa Mwanga: Hakuna kitu. Labda uchovu, ana kazi nyingi.

Gusa Nne: Kaka.

Mtoto wa Mwanga: Sawa. Tulikuwa tunajaribu ule mtindo wa Hispania, wa mawimbi ya mwili na kuzungusha kichwa. Nilimlaza nyuma, shingo ikamshika. Siku kadhaa alikuwa hawezi kugeuka vizuri. Lakini nilimpeleka zahanati mwenyewe, na yeye mwenyewe akasema tuendelee. Mtindo ule ndio watu wanautaka, hatua za kawaida hazisimamishi ukumbi. Na kwa kuwa muda umebana nimeongea na binti mmoja wa Gungu, mwepesi kushika. Nimeshampa hela ya kitambaa cha gauni. Mwenzangu sijamwambia bado, sitaki kumuumiza.

Gusa Nne: Basi dada wa watu anawasiliana vizuri sana: anakwambia anaogopa. Kichwa cha anayefuata hakisukumwi na mtu. Unaongoza mgongo wa juu, kwa kiganja kilichotulia kwenye bega la nyuma, na yeye ndiye anayekibeba kichwa chake, kwa kiasi chake. Hata hicho kinahitaji misuli ya tumbo na mgongo iliyozoea. Toa mawimbi yote, toa kumlaza. Mwambie leo kwamba hutamlaza, na asipotaka hatua fulani aseme simama, na wewe usimame.

Dogo wa Kibirizi: Wadau, hii ni chai. Nimezaliwa hapa, harusi nimeenda nyingi, bachata ya kufungua ukumbi sijaiona. Alianza na "hanifuati", sasa kuna shingo, zahanati, binti wa Gungu na gauni. Kesho atatuletea mchumba kafumania. Akaunti yenyewe ya juzi.

Reli ya Kati: Na mimi nilinusa majani.

Fundi Gitaa: Mtu wa chai angejuaje habari ya kiuno kupanda kwenye ya nne?

Dogo wa Kibirizi: Anasoma popote. Ataje ukumbi.

Mtoto wa Mwanga: Ukumbi siutaji, wenye harusi hawajagawa kadi. Tunafanyia mazoezi uani, sakafu ya saruji. Raba zinang'ang'ania, ukizunguka mguu unabaki na goti linakwenda, kwa hiyo tunavaa viatu vya soli ya ngozi. Amini au acha. Nimekuja kuuliza kwa sababu harusi ni ya rafiki yangu wa tangu utotoni na sitaki kuiharibu.

Bi Mkubwa wa Ujiji: Iwe chai au maji, mimi nauliza hivi: huyo binti wa Gungu anajua kilichompata mwenzake?

Mtoto wa Mwanga: Hajauliza, mama.

Bi Mkubwa wa Ujiji: Mwanangu, unataka kumlaza nyuma mtoto wa watu wa pili. Mweleze kabla hajashonewa hilo gauni. Na mwenzako mwambie wewe kwa mdomo wako. Gungu na Mwanga ni pua na mdomo, atasikia.

Mtoto wa Mwanga: Kitambaa kimeshakatwa, mama. Ila kesho jioni tuna mazoezi na mwenzangu, nitaanza na hivyo viganja.

Gusa Nne: Uanze na kumwambia. Viganja baadaye.

Dogo wa Kibirizi: Weka video ya viganja, sura zifiche. Nikiiona nitaomba radhi hapahapa.