Kupe nyuma ya goti baada ya futingi ya Kasapa: niende kwa munganga (daktari) au ningoje?

Mkimbiaji wa Golf
Salamu wapendwa. Naomba ushauri. Kikundi chetu hufanya futingi (mbio za mazoezi) barabara ya Kasapa, hapa Lubumbashi, Jumamosi alfajiri, na malori yakizidi tunaingia njia za wachoma makala (makaa), katikati ya nyasi. Msimu huu wa mvua zimefika kiunoni. Juzi nikiwa naoga nikagusa kitu kama chunjua nyuma ya goti. Kumbe kupe, mdomo umezama, tumbo limeanza kujaa. Mke wangu alimng'oa kwa pensi (kibanio) yake ya nyusi, akatoka mzima, miguu bado inachezacheza. Pamebaki kipele chekundu kinachowasha. Homa sina.

Siku hiyohiyo dada mmoja wa kikundi alichomwa na nyuki kiganjani na shingoni. Leo mkono umevimba hadi karibu na kiwiko, kuliko hata jana. Je, nianze antibiotiki sasa? Na uvimbe wa yule dada ni wa kawaida? Nimesoma kwenye intaneti habari za duara jekundu ngozini na ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe, usingizi umenikimbia.

Mtoto wa Katuba
Pole yaya. Shiye ku Katuba tunatoshaka kupe na petroli. Unaweka kidogo juu yake, unangoja, inaanguka yenyewe. Ku mbwa inafanyaka muzuri sana.

Nesi wa Zamu
Mdogo wangu wa Katuba, hiyo ya petroli tuiache, pamoja na ya kumchoma kwa kiberiti na ya kumpaka mafuta. Kupe akisumbuliwa anaweza kutema mate zaidi ndani ya ngozi, na vijidudu hupitia humo humo. Shemeji kafanya kazi safi: unambana karibu kabisa na ngozi, si tumboni, unavuta moja kwa moja taratibu bila kuzungusha. Kisha sabuni na maji, au spiriti. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kirahisi, kiache, ngozi itakisukuma. Usichimbe kwa sindano.

Lyme iweke pembeni. Kupe wanaoieneza ni wa Ulaya, Marekani na sehemu za Asia. Kwetu kinachonihangaisha ni homa ya kupe ya Kiafrika, ambayo bakteria yake inaitwa Rickettsia africae. Huanza kama wiki moja baada ya kuumwa: homa, kichwa kinagonga, misuli ya shingo inauma, mitoki inavimba kinenani, na pale alipokuuma panatokea kidonda chenye gamba jeusi, kama umechomwa na ncha ya sigara. Wengine wanapata vidonda hivyo zaidi ya kimoja.

Sasa sikiliza. Hapa kwetu mtu akipata homa anasema ni palu, anameza dawa ya malaria, amemaliza. Fanya kipimo cha malaria, hiyo ni lazima, lakini kikitoka hakuna, usirudi nyumbani kimya. Vua suruali, muonyeshe munganga gamba hilo na umwambie ulikimbia nyasini lini. Dawa ipo, doksisaiklini, na wengi hupata nafuu ndani ya siku chache. Aiandike yeye, hasa kama ni mtoto au mama mjamzito. Kuimeza sasa bila homa hakuna maana. Andika tarehe kwenye simu, jiangalie kwa wiki mbili.

Asali Chungu
Nafuatilia uzi. Mimi nilidhani kupe ni shida ya ng'ombe tu.

Mfugaji wa Kipushi
Ng'ombe ndiye mwenyeji wake, lakini akikukosa wewe leo atakupata kesho. Kupe anapanda kwenye ncha ya jani, anatanua miguu ya mbele, anangoja kitu chenye joto kipite. Wale wadogo kabisa hukaa kundi zima kwenye jani moja, ukigusa unaondoka nao wengi mguuni na unadhani ni vumbi. Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio. Na usimpasue kwa kucha! Wachungaji wanapenda huo mchezo. Kuna homa ya kutoka damu inayopitia kwa kupe na kwa damu ya mifugo, virusi vyake vilipatikana kwa mgonjwa hapahapa Kongo mwaka 1956. Ni nadra, ila kwa nini uipake vidoleni? Mtie kwenye spiriti.

Fundi wa Pasi
Nyongeza fupi: kipele chenye tundu katikati, na unahisi kitu kinatikisika ndani, huyo si kupe, ni funza wa nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa. Jezi ya futingi usiianike majanini, na ipige pasi ya moto mpaka kwenye mishono.

Nesi wa Zamu
Sahihi kabisa.

Kuhusu dada wa nyuki: uvimbe wa mkono aliochomwa, hata ukiongezeka siku ya pili, mara nyingi ni mwili unavyojibu sumu. Maji baridi, mkono uinuliwe, setirizini kwa muwasho. Kama ana pete aivue leo, kesho itahitaji koleo. Ila mkono ukiwa wa moto na anapata homa, aonekane. Kinachoua ni kitu kingine: vipele mwili mzima, midomo na ulimi kuvimba, sauti kukwama, kupumua kwa shida, kizunguzungu, kutapika, ndani ya dakika chache. Hapo hakuna kusubiri, hospitali yenye sindano ya adrenalini, mkimbize.

Mwiba wa nyuki utoe papohapo, kwa kucha au chochote, maana kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Na ondokeni, kwa sababu akichoma anaacha harufu inayowaita wenzake. Funika uso, kimbia mpaka ndani ya nyumba au gari. Usisimame kupiga mikono.

Mkimbiaji wa Golf
Mungu awabariki. Dada kaivua pete kwa sabuni, kwa taabu. Nimeandika tarehe. Soksi ndefu juu ya suruali zinasaidia, au ni urembo?

Mfugaji wa Kipushi
Zinasaidia, na ziwe nyeupe ili umuone akipanda.

Nesi wa Zamu
Na dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET kwenye ngozi iliyo wazi. Permethrini, dawa nyingine ya wadudu, ni ya nguo, si ya ngozi.

Mkimbiaji wa Golf
Sawa. Jumamosi tunabaki kwenye lami, malori yatuvumilie. Pensi nitafute ya aina gani?

Nesi wa Zamu
Ya ncha nyembamba. Ile bapa ya nyusi ikikosea inamminya tumbo.